Aliyemwitikia Claudette

Claudette alikuwa ameshakishusha kipaza sauti na kufungua chupa yake ya maji, lakini sauti yake iliendelea kutoka kwenye spika.

Haikuendelea sana. Ilimalizia mstari wa mwisho wa wimbo, ikavuta pumzi kama mtu aliyechoka, ikanyamaza. Ilikuwa Alhamisi mchana kweupe, katika ukumbi wa hoteli wenye madirisha makubwa yanayotazama ziwa, na watu wanne waliokuwemo walibaki wakitazamana.

"Egide, umeweka ya kurekodi?" Claudette aliuliza.

Egide, fundi wao wa sauti, aliinua mikono yote miwili. "Mi sijagusa kitu, dada. Ya kurekodi haiko. Kompyuta yenyewe iko imezima."

"Ni mwangwi tu," alisema Shyaka, mpiga gitaa, bila kuinua uso. Alikulia Tanzania, Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha wenzake, na akishasema jambo huonekana limekwisha. "Ukumbi mtupu una mambo yake. Tuendelee."

Umutesi, mwimbaji wa kuitikia, ndiye aliyesimama karibu na spika, na alijua mwangwi haumalizii mstari ambao mwimbaji ameuacha katikati. Tena kulikuwa na harufu: kama ya yai viza, kama yale maji ya moto yanayochemka ufukweni kule Nyamyumba, ila ndani yake mlikuwa na manukato ya Claudette.

Kundi lao liliitwa Isaro. Lilizaliwa hapa hapa Gisenyi, katika kwaya ya parokia, na sasa lilikuwa limerudi kufia hapa hapa. Ziara ya kuaga ilikuwa imepita Huye, Kigali na Musanze. Jumapili, kwenye ufukwe wa ziwa, wangeimba mara ya mwisho, kisha kila mtu ashike njia yake. Njia ya Claudette ilielekea Brussels, ambako studio moja ilimtaka peke yake. Ya Shyaka ilielekea Kigali, kufundisha muziki. Ya Umutesi haikuelekea popote. Habari za kuvunjika kwa Isaro alizisikia redioni akiwa saluni, nywele zimesukwa nusu, na msusi ndiye aliyempa pole.

Kazi ya Umutesi katika Isaro ilikuwa kuitikia. Wimbo uliowapatia umaarufu ulimhusu mwanamke anayemsubiri mpenzi wake mpakani, pale Petite Barrière, watu wakirudi kutoka Goma jioni na yeye haonekani. Claudette aliimba, "Ungali uko?" Umutesi akajibu, "Niko." Basi. Neno hilo hilo, karibu miaka kumi. Watu walivaa fulana zenye uso wa Claudette; Umutesi hakuna aliyewahi kumsimamisha barabarani. Kule Musanze, Claudette alipoaga, alimshukuru Mungu, mashabiki, Shyaka, Egide na hata mwenye jenereta, halafu akashuka jukwaani.

Ijumaa Claudette aliamka koo limekauka. Tangawizi haikusaidia, asali haikusaidia. Baada ya chakula mvua kubwa ilishuka kutoka milimani, umeme ukakatika, na wanawake wale wawili wakabaki katika chumba chao, kila mmoja kitandani kwake na simu yake, kama ilivyokuwa tangu ziara ianze. Hawakugombana. Walikuwa wameshapita hatua ya kugombana.

Umutesi alikuwa amegeukia ukuta mlango ulipogongwa.

"Umutesi, sha, unifungulie. Niko nalowa huku."

Ilikuwa sauti ya Claudette; si ile iliyokwaruza asubuhi, bali ile yenyewe, laini, iliyojaza viwanja. Umutesi aliteremsha miguu sakafuni na kufungua kinywa ajibu, ndipo mkono wa baridi ulipomshika bega kutoka nyuma.

"Usijibu." Claudette alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, midomo yake sikioni mwa mwenzake, na kilichotoka kooni mwake kilikuwa kama karatasi inayochanwa. "Haiko mi. Mi niko hapa."

"Umutesi," sauti ikasema nyuma ya mlango, kwa upole wa mama anayebembeleza mtoto. "Bale wenzako habakupende. Mi njo nakupendaka. Ungali uko?"

Chini ya mlango maji yalianza kupenya, yakitambaa taratibu juu ya vigae mpaka yakagusa vidole vya miguu ya Umutesi, nayo hayakuwa maji ya mvua kwa maana yalikuwa ya moto, na ile harufu ya yai viza ikapanda nayo ikajaa chumba kizima. Walikumbatiana kama walivyokumbatiana zamani kanisani radi ilipopiga. Umutesi aliusikia moyo wa Claudette ukigonga kifuani pake. Akasikia na kitu kingine ndani yake mwenyewe, kitu kidogo, kitamu, ambacho kilifurahia kumwona yule malkia amebaki bila sauti. Akaona haya, lakini hakikuondoka.

Sauti ndiyo iliyoondoka. Iliteremka ngazi ikiimba.

Jumamosi Egide aliwapeleka mtaa wa Majengo, kwa mwalimu Harerimana, mshona nguo aliyejulikana mjini kwa kuwasomea Kurani watu walioshikwa na majini.

"Mi ni Mukatoliki," Claudette alinong'ona mlangoni.

"Padri nilimupigia, dada. Iko safari, atarudi keshokutwa, lundi," Egide alisema. "Donc unataka kungojea lundi?"

Waliingia. Mwalimu aliisogeza cherehani yake kando, akawaketisha mkekani, akasikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akasoma kwa sauti ya chini juu ya bakuli la maji. Alikuwa hajafika mbali pale mtu alipocheka nje ya dirisha. Kilikuwa kicheko cha Claudette, wakati Claudette mwenyewe ameketi mkekani ameuziba mdomo kwa viganja. Shyaka, ambaye tangu Alhamisi alikuwa akisema ni mwangwi, alijisogeza mbali na dirisha.

Harerimana hakugeuka dirishani. Alisoma mpaka mwisho, akaweka bakuli chini.

"Hajamwingia mtu," alisema. "Angekuwa ameingia ningemtoa. Huyu bado yuko nje. Ana sauti ya wizi, hana mwili, anatafuta wa kumkaribisha. Ndiyo maana anaita. Nyinyi mlikuwa mnakitupa kitu chenu, yeye akaja kukiokota."

"Na sauti yangu?" Claudette aliuliza. Ilibidi wainame kumsikia.

"Asipoitikiwa atachoka. Ataiacha, nayo itakurudia. Lakini akiitikiwa na mtu kwa hiari yake, atakuwa amepata nyumba, na kilichoibiwa hakitarudi. Wakati huo msinitafute, sitakuwa na la kufanya." Akawatazama mmoja mmoja. "Kesho msiimbe. Hata neno moja."

Shyaka aliapa. Claudette aliitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka. Umutesi aliapa pia, na alipoapa alikuwa anasema kweli.

Wakirudi hotelini, Claudette alimshika mkono. "Umutesi, nilikutendea mubaya," alinong'ona. "Hii ikiisha tutaongea. Sisi wawili."

"Tutaongea," Umutesi alisema.

Jumapili, jua likiwa bado juu, ufukwe ulikuwa umefurika. Watu walikuwa wamevuka kutoka Goma, wengine wameteremka Nyundo na Mudende, akina mama na watoto mgongoni, vijana wamepanda juu ya kuta. Isaro walipanda jukwaani mikono mitupu. Shyaka alichukua kipaza sauti, akaeleza kwamba Claudette ni mgonjwa, kwamba hawataimba, kwamba wanaomba radhi na kuwashukuru kwa miaka yote.

Watu hawakukasirika, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Waliwahurumia. Mwanamke mmoja mbele akaanza kuimba, wa pembeni yake akampokea, na kabla Shyaka hajapata la kusema ufukwe mzima ulikuwa unaimba ule wimbo wa mpakani, unawaimbia wao, kama zawadi.

"Wanyamazishe," Claudette alimnong'oneza Shyaka. Nani angewanyamazisha?

Walipofika kwenye swali, katikati ya sauti zile zote ikapanda moja, safi, juu ya nyingine, na walioisikia karibu nao wakageuka kumtafuta mwimbaji, wakamwona jirani yao naye anageuka, na kimya kikasambaa kutoka hapo kama mafuta juu ya maji mpaka kikafika kwenye kuta na kwenye miamba ya ziwa, hata watoto wakanyamaza, na katika kimya hicho ile sauti isiyokuwa na mtu ikauliza tena, taratibu, "Ungali uko?", kisha ikangoja, na pale ilipongoja palikuwa ni mahali pa neno la Umutesi, na hakuna hata mmoja katika maelfu wale aliyelijaza, kwa sababu wote walijifunza wimbo wa Claudette na hakuna aliyejifunza wake.

Harufu ya yai viza ilipanda kutoka ziwani. Claudette alimkamata Umutesi mkono wa kushoto, Shyaka wa kulia.

"Ungali uko?"

"Umutesi!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka kwenye umati. "Umutesi, itika!"

Wengine wakalidaka lile jina. Walimwita kwa mapenzi, wakipiga makofi, maelfu ya watu ambao mpaka saa ile hakudhani wanalijua jina lake. Aliwatazama. Akamtazama Claudette, aliyekuwa anatikisa kichwa, macho yamemtoka, midomo yake ikisema tafadhali bila kutoa mlio wowote. Umutesi alijua analofanya. Baadaye hakuwahi kujidanganya kwamba hakujua. Lakini hakuwa amewahi kusubiriwa na mtu maishani mwake, na sasa ufukwe mzima ulikuwa unamsubiri.

"Niko," akaimba.

Likatoka lile neno kwa sauti ya Claudette. Umati ukapiga yowe la furaha. Mkono uliokuwa umemshika kushoto ukalegea, ukamwachia.

Claudette hakwenda Brussels. Hakusema tena, hata kwa kunong'ona; alirudi kwa mama yake Bugeshi, huko juu chini ya volkeno, ambako watu hulima viazi na hawamwulizi mtu maswali mengi. Umutesi ndiye aliyekwenda studio, na sasa uso wake uko kwenye fulana. Shyaka hapokei simu yake. Mwalimu Harerimana alimfungia mlango. Sauti ya Umutesi mwenyewe, ile aliyozaliwa nayo, haijui tena. Akikohoa, akilia, akizungumza usingizini, ni Claudette.

Kuna kitu kimoja ambacho Claudette alimwomba, kwa ujumbe mfupi wa simu, bila salamu. Mama yake, Mukandayisenga, ni kipofu; huyo asiyesema anayemhudumia humdhani msichana wa kazi, na tangu sauti ya bintiye ipotee anakesha akiomboleza kama aliyefiwa. Ampigie. Aseme naye kama Claudette.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa Umutesi hupiga simu Bugeshi. Mzee hufurahi, humwuliza kama amekula, humwambia bei ya viazi. Karibu naye, Claudette huwa ameketi akimsikiliza binti wa mama yake akizungumza kwenye simu.

Jumapili iliyopita mzee aliuliza jambo jipya.

"Mwanangu, na ule mwenzako, Umutesi? Ule mwenye aliimbaka nyuma yako. Alikuwa na sauti muzuri, ya pole. Mi nilipenda kumusikia kuliko hata wewe. Iko wapi siku hizi?"

Umutesi alifungua kinywa aseme. Koo lilijibu kabla yake, laini, bila kusita.

"Sijui alienda wapi, mama."