Salamu Iliyopungua Herufi

Gbolahan nilimwona mwenyewe, maana kibanda changu kinatazamana na cha Mama Ayoka hapa soko la Itoku, Abeokuta. Buba jeupe la pasi, lile shati letu pana la Kiyoruba, kofia ameilaza upande. Katoka Lagos, basi lazima kila mtu ajue. Akamwona mtu ameinamia pipa la nili ya kutia vitambaa rangi, fulana ya kijana mgongoni. Akadhani binti.

"Kú iṣẹ́, mrembo." Yaani pole na kazi.

Aliyeinuka ni Mama Ayoka, miaka sitini na mbili. Kwetu mkubwa huambiwa "ẹ kú iṣẹ́." Ile "ẹ" ndiyo shikamoo yetu, ukiiacha, umemfanya mama wa watu rika lako. Mama akachota kata nzima ya nili akammwagia kifuani.

"Kamwite mama yako mrembo," akasema.

Binti yake, Ayoka, mikono ya buluu hadi viwikoni, akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza Gbolahan. Namba akapewa kwa siri, na miezi minne simu hazikukauka. Mama alipogundua, alisema neno moja: asiyejua kumsalimu hamwoi mwanawe.

"Gbola, usije tena," Ayoka akampigia. "Mama hajala tangu jana."

"Mpenzi, nilikosea herufi moja tu."

"Kumbe mpaka leo hujaelewa. Ungeelewa usingesema 'tu'." Akakata.

Gbolahan akapanga chumba mtaa wa pili. Asubuhi akaja na buba lile lile lenye doa, akalala kifudifudi kwenye tope mbele ya pipa, kama wanaume wetu wanavyowaamkia wakubwa.

"Ẹ káàárọ̀, mà." Yaani habari za asubuhi, mama, na safari hii "ẹ" ipo.

Mama akamruka kama mfereji. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki mbili nzima.

"Bwana Lagos, bado hujaota mizizi?" tulimtania, Mungu atusamehe. Ayoka alipita bila kumtazama, ila nilimwona akifuta macho kwa kiwiko.

Siku ya kumi na tano jua lilipanda, hajaonekana. Mama akawa anakoroga nili mpaka inamwagika.

"Yule asiye na adabu yuko wapi?"

"Si ulitaka aondoke, mama?" Ayoka akamuuliza.

"Nimekuuliza yuko wapi."

Gbolahan akatokea anahema, ndoo kichwani. Bomba la soko lilikuwa limekauka tangu jana, naye alikuwa ameyafuata maji mtoni. Akaitua kando ya pipa, akalala chini.

"Ẹ kú iṣẹ́, mà."

Mama akalitazama doa, tope, na shingo iliyolowa.

"Kú iṣẹ́," akamjibu. Bila "ẹ", kama mama anavyompokea mwanawe akitoka kazini.

Ayoka akamwinua kwa mikono yake mibichi ya nili, na lile buba likaharibika moja kwa moja.