Jaribio Alilolifeli Makusudi

Kila asubuhi, kabla ya basi la shule, Tucker Haskins alikula mikate yenye nyama ndani huku babu yake akimuuliza mipango ya mchezo ya timu yake ya shule. Mzee Royce alijua anachouliza. Ujanani alikuwa mrushaji katika mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi na kuangushana: ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuamua atupiwe nani. Goti lilipomsaliti akawa mtangazaji wa redio, na sasa ni mzee wa kanisa pia. Mji wao mdogo wa Texas ulimjua kwa sauti.

Alhamisi hiyo babu alitaja mpango wa kwanza, Tucker akaonyesha kwa kidole kwamba mdomo umejaa. Alikuwa ameusahau. 

Tangu alipogongwa kichwa mazoezini Jumanne, taa zilimuumiza macho na herufi zilimchezea. Tena hakuwa na wa kumlaumu. Kila Agosti wachezaji hufanya jaribio la kumbukumbu, ili mtu akiumia kichwa alirudie na alama zilinganishwe. Wachezaji wakubwa walikuwa wamewanong'oneza wadogo wafeli makusudi. Hivyo wakigongwa, hakuna atakayejua wala kuwazuia kucheza. Tucker alifeli barabara. Jumatano mhudumu wa afya alimpa jaribio lile tena, akapata alama zilezile mbovu, akaruhusiwa kucheza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na huyu alikuwa ameyaficha mapema kabla hata hajaugua.

Jioni hiyo uwanjani, kabla mechi haijaanza, rafiki na jirani yake Colby alimwona anavyosita. "Vipi, bwana? Umewaona wapinzani ukataka kwenda kwa mama?"

Tucker alivaa kofia ngumu ya mchezo akatazama mbele. Kila mpinzani alikuwa wawili. Aliogopa kuitwa mwoga, lakini aliogopa zaidi kwamba akianguka hataamka tena. Aligeuka, akapanda mbio ngazi za chumba cha redio kilicho juu ya jukwaa, babu alikotangazia mechi.

Babu alikuwa hewani. Tucker hakungoja.

"Babu, nilidanganya kwenye jaribio. Kichwa changu hakiko sawa. Naogopa."

Kipaza sauti kilikuwa wazi, na mji mzima ukasikia. Mzee Royce alivua vipokea sauti, akamshika mkono. Redio ikabaki kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Hospitalini daktari alisema ubongo umetikisika, na pigo jingine lingeweza kumuua. Angepumzika hadi apone kabisa. Usiku huohuo wazazi waliosikia redio waliwauliza wana wao. Colby akaangua kilio: naye alikuwa akiumwa kichwa, na alikuwa amecheza mechi yote. Akakimbizwa hospitalini usiku uleule, akawahiwa.

Tucker alipopewa habari hiyo alijifunika shuka. "Watanicheka, babu. Mjukuu wa Royce Haskins kakimbia mechi."

"Wacha wacheke," mzee alisema. "Mpira nimeuacha, nikapata kazi nyingine. Kichwa huwezi kukiacha ukapata kingine. Kuogopa si aibu, mwanangu. Aibu ni kuogopa midomo ya watu kuliko kaburi. Leo umesema kweli, na mtoto wa jirani yuko hai."