Katoo Asimama Barazani

Kila asubuhi Zipporah hukamua ng'ombe, kisha hupeleka maziwa mjini Kitengela kwa rafiki yake Ifrah, mwenye duka la maziwa. Siku hiyo mtungi haukujaa hata nusu.

"Mbona kidogo hivi, Mama Ledama?" Ifrah aliuliza.

"Mafuriko yalibomoa ukuta wa bwawa letu, maji yote yakaenda. Ng'ombe wanatembea mpaka mtoni, wakirudi hawana maziwa. Mume wangu Katoo anasema kiangazi kikiingia tutahama. Watoto wataacha shule."

"Lakini kesho chifu ako na baraza. Kuna pesa ya kujenga palipoharibiwa na mafuriko. Baba Ledama ataenda kusema?"

"Katoo? Huyo haombi mtu kitu."

Ifrah alifunga duka. Alitaka kumwona kwa macho yake huyo asiyeomba.

Walimkuta Katoo nje ya boma, ameegemea fimbo. Alimkaribisha mgeni vizuri na kumsikiliza, lakini hakutikisika.

"Mama, sisi Wamaasai mtu akimaliziwa ng'ombe na kiangazi, ukoo unamchangia. Yeye hatembei akilia shida. Watu wanaona wenyewe."

"Ukoo unakuona kwa sababu uko karibu," Ifrah alisema. "Serikali itakuona wapi? Usiposema, pesa itaenda kwa wale wamesema."

"Hiyo si ni kuomba?"

"Kuomba nini? Ukinunua soda, ukiweka petroli kwa pikipiki, unalipa kodi. Wa Kisumu analipa, wa Mombasa analipa. Serikali ya kitaifa na ya kaunti zinaweka pamoja, na penye janga panajengwa. Kwetu Garissa mto ulibeba daraja, likajengwa hivyo hivyo. Hata wewe ulichangia."

Katoo alihesabu kwa vidole: soda, petroli, daraja. Kisha uso ukamfunguka.

"Kumbe nilijengea watu wa Garissa daraja?"

"Ulitujengea."

"Na hakuna mtu alikuja kunishukuru?"

Zipporah alicheka mpaka akashika mbavu. Alijua mumewe amekubali.

Kesho yake baraza ilijaa. Hawa walitaka barabara, wale zahanati, na kila mmoja alipaza sauti kumshinda mwenzake. Katoo aliposimama, alishika fimbo kwa mikono miwili. Kusema mbele ya watu si mchezo.

"Mimi sitasema mengi," alisema. "Twendeni mkaone."

Watu walitazamana. Caroline, afisa wa kaunti, ndiye aliyeinuka kwanza. Chifu akafuata, na baraza nzima ikawa nyuma ya Katoo, ikivuka mbuga kwa miguu. Walipofika, waliona ukuta uliopasuka na tope lililokauka mahali palipokuwa na maji. Waliona watoto wakitoka mtoni na mitungi mgongoni, saa za masomo.

"Hapa wanakunywa watu wa vijiji vingapi?" Caroline aliuliza.

"Vyote unavyoona," Katoo alijibu, na wenyeji wa vijiji hivyo wakaitikia kwa sauti moja. Wakakubaliana bwawa litangulie.

Kabla kiangazi hakijaingia, tingatinga lilifika. Watoto waliacha chai mezani wakakimbia kulitazama. Ukuta ulipandishwa, udongo ukashindiliwa.

Mvua iliponyesha tena, hakuna aliyekaa nyumbani. Wote walisimama bwawani, wamelowa chapachapa, macho kwenye ukuta. Maji yalipanda. Yakaendelea kupanda. Ukuta ukashika.

Kelele za furaha zilipopungua, Katoo alimgeukia mkewe.

"Mama Ledama, kesho watoto waende shule. Hatuhami."