Vidole Vitano Kifundoni

Mzee Inoke alikuwa amelala chali, mguu wake mmoja uliobaki umeegemezwa juu ya mto, haugusi ukuta wala shuka. Lakini simu ya binti yake ilionyesha kwamba mguu huo umebanwa.

Kalolaine, muuguzi wa kliniki ya kisukari katika mji wa kisiwani wa Nuku'alofa, alidhani simu imeharibika. Soksi aliyomvisha baba yake ililetwa kliniki kwa majaribio: nyembamba kama ganda la kitunguu, imefumwa kwa nyuzi zinazohisi kila mgandamizo na kuuchora kwenye simu, ili mgonjwa ambaye nyayo zake zimekufa ganzi ajue panapoumia kabla hapajaoza. Mguu wa kulia wa mzee ulikatwa miaka minne nyuma. Sasa wa kushoto nao ulikuwa na kidonda, na daktari alikuwa ameshasema: kisipofunga, tunaukata.

Kwenye picha unyayo ulikuwa wa buluu, shwari. Wekundu ulikuwa kifundoni. Madoa manne yalijipanga upande mmoja, na doa moja nene upande wa pili.

"Baba, umejifunga kamba mguuni?"

"Kamba ya nini? Mimi nguruwe?"

Alimvua soksi. Hapakuwa na alama, ila ngozi ilikuwa baridi, na inanuka mchanga mbichi. Akaivaa soksi mwenyewe. Buluu tupu. Alipomrudishia baba yake, madoa yalirudi, mekundu zaidi.

Wiki nzima kidonda kilizidi kupanuka. Jumapili baada ya ibada, kijiji kizima kikiwa kimeshiba magimbi na nyama na kulala, Kalolaine aliketi kando ya kitanda. Akasikia kitu kikikwaruza chini ya godoro, polepole, kama kucha kwenye mkeka. Akatazama simu, akaona madoa yamekolea mpaka yanakaribia weusi, na alipoinua macho akauona mguu wa baba yake unateleza kutoka juu ya mto, unasogea kidogo kidogo kuelekea ukingo wa kitanda, shuka inakunjamana nyuma yake, na mzee mwenyewe ameshika mbao za kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Baba, acha kusogeza mguu," alinong'ona.

"Sisogezi. Kuna mtu ananitoa kitandani, mwanangu."

Semisi, kaka yake Kalolaine, ndiye aliyekwenda kumleta Bibi Toakase, mganga wa majani. Bibi hakuitazama simu. Alinusa tu mlangoni, akasema, "Huyu aliyemshika ni wa kwenu." Akaponda majani, akayakamulia puani na machoni pa mzee, akamuuliza, "Wewe nani?"

Mzee akafungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyezoea kutiiwa. Kalolaine aliijua. Ni ya marehemu shangazi Siutaka, dada wa baba yake, ambaye mbele yake ukoo wote uliinamisha kichwa.

"Nani amemlaza kaka yangu kitandani mwangu?"

Sauti ikapanda.

"Tangu utotoni hatujawahi kuketi chumba kimoja. Sasa mmemlaza pamoja nami. Mnanifedhehesha mbele ya wafu."

Semisi alisogea mbele ya kitanda. "Ni mimi," alisema. "Ule mguu wa baba. Hospitali walinipa niuzike, na shangazi alikuwa anazikwa siku hiyohiyo. Kaburi lilikuwa wazi. Niliufunga kitambaa nikauweka miguuni pake. Baba hakuambiwa."

"We mtoto!" Bibi Toakase alimzaba kofi. "Kaka na dada, shimo moja? Hukuona ardhi nyingine kisiwani?"

Asubuhi iliyofuata walifukua. Mzee Inoke aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akataka ageuzwe mgongo wake uelekee kaburi, kwa sababu kwao ni mwiko kaka kumtazama dada yake. Kalolaine alisimama naye, soksi ikiwa bado mguuni mwa mzee, simu mkononi.

Mifupa ya shangazi haikuwa imelala kama ilivyolazwa. Ilikuwa imejikunja, kama mtu aliyeinama kukitupa kitu nje, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshika kifundo cha mfupa wa mguu usio wake. Bibi Toakase akashuka shimoni, akaanza kuvibandua.

"Doa moja limepotea," Kalolaine aliita. "La pili. Na la tatu... la nne."

Kidole gumba kikakataa. Semisi akachukua patasi.

"Semisi!" mzee aliguta bila kugeuka. "Usimvunje dada yangu." Kisha akateremsha sauti, akasema na mchanga uliokuwa nyuma yake. "Dada, nisamehe. Sikujua. Wamekuja kunitoa."

Upepo ulikuwa umetulia. Shimoni kitu kidogo kilidondoka mchangani, na picha kwenye simu ikawa buluu yote.

Mguu uliotolewa ulizikwa peke yake, mbali, ng'ambo ya barabara. Kidonda cha mzee kilikauka, kikafunga. Daktari alisema ni dawa, na hakuna aliyembishia.

Kalolaine alirudi kazini. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mnene mcheshi kutoka kijiji kingine, mguu mmoja, mfuko wa ndizi mapajani. Alimvisha soksi, wakicheka pamoja, akawasha simu.

Madoa manne upande mmoja. Moja nene upande wa pili.

Kalolaine aliketi. Nje, kwenye kibaraza, wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri zamu yao, karibu wote na magongo.

"Mama," aliuliza taratibu, "ule mguu mwingine mliuzika wapi?"

"Ule?" Mama alimenya ndizi. "Kwa baba mkwe. Si kaburi lilikuwa wazi tayari?"