Redio Iliyojifunza Kusubiri

Ukimwuliza wifi yangu "Habari za asubuhi?", atakupa habari kweli. Atakwambia chai ina sukari nyingi na bomba la uani linavuja. Ndivyo alivyo. Mimi nimeolewa na kaka yake na tunaishi nyumba moja. Sijapata kuona mtu asiyejua unafiki kama huyu. Raha tupu!

Asubuhi kwetu huwa hivi. Mama mkwe anachemsha chai. Mume wangu anatafuta soksi zake. Mimi niko barazani na cherehani yangu, nashona nguo za watu. Redio inaongea, na wifi anaisikiliza kwa makini, maana habari zinazosomwa amezisahihisha yeye. Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka mingi.

Siku moja mwenye kituo cha redio alimwita.

"Mhariri mkuu anastaafu," alimwambia. "Shika nafasi yake kwa mwezi mmoja wa majaribio. Wafanyakazi wakikukubali, kazi ni yako."

Tulifurahi jamani! Lakini wiki haijaisha, mume wangu akaleta maneno ya mtaani.

"Wafanyakazi wananung'unika," alisema. "Eti ana kiburi. Haangalii watu machoni. Hacheki wakitania."

"Ni usonji wake tu," mama mkwe akasema. "Daktari alituambia tangu akiwa mdogo. Sasa tumfundishe kuuficha, la sivyo kazi itampita."

Basi, sebule ikageuka darasa. Mume wangu akavaa koti, akajifanya mwenye redio. Mama mkwe ndiye mwalimu mkuu.

"Mshike mkono! Mwangalie machoni! Akichekesha, cheka!"

"Lakini hajachekesha," wifi akasema.

"Cheka hivyo hivyo!"

Nilicheka mimi mpaka nikajichoma sindano.

Wifi akaenda kazini na masomo yetu. Alimkazia macho kila aliyemsemesha. Mtangazaji wa asubuhi, ambaye wasikilizaji wanamwita Kasuku kwa jinsi anavyoongea, alishtuka.

"Bosi, mbona unanikodolea macho hivyo? Nimekuibia nini?"

Jioni wifi alirudi hoi. Alizima taa, akalala bila kula. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata akatuambia, "Wampe mwingine kazi hii. Siiwezi."

Iliniuma sana. Kazi ile aliipenda kuliko kitu chochote, na sisi ndio tuliokuwa tunamwondoa.

Nikakimbilia kwa jirani yetu. Yeye ni mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Alikuja na kanga ya jikoni, mikono bado ina sabuni. Aliposikia habari ya darasa letu, alijipiga paja.

"Jamani nyie! Mmemvisha mtu kiatu kisicho chake, halafu mnashangaa anachechemea!" Akamgeukia wifi. "Unapomwangalia mtu machoni, unamsikia anachosema?"

"Anasikia vizuri tu," mama mkwe akajibu.

"Nimemwuliza yeye, mama."

Wifi alitazama ukutani kwa muda.

"Nikimwangalia machoni, naona macho tu," alisema. "Maneno yanapita."

"Mmesikia?" mwalimu akasema. "Mtu mwenye usonji ubongo wake unapokea mambo kwa namna yake. Amezaliwa hivyo. Si laana, hauambukizi, wala si kosa la mzazi. Tena hawafanani. Mmoja anaongea sana, mwingine haongei kwa mdomo kabisa. Taa au kelele ambayo wewe huijali, yeye inaweza kumuumiza. Ukimlazimisha ajifiche, unamchosha bure."

"Sasa tufanye nini?" mama mkwe aliuliza kwa unyonge.

"Mwulizeni nini kinamsaidia. Halafu msubiri jibu. Msimjibie."

Wifi akasema ghafla, "Ijumaa tuna kipindi. Kinaitwa Mzigo wa Usonji. Wamealikwa daktari na mzazi. Mwenye usonji hakualikwa hata mmoja."

"Na mhariri mkuu ni nani?" mwalimu akauliza.

Wifi akafikiri. "Ni mimi."

"Ehee!"

Asubuhi yake wifi alisimama mbele ya wafanyakazi. Hakumtazama mtu.

"Nina usonji," alisema. "Nisipowaangalia, ndipo ninapowasikiliza vizuri. Mkitania, niambieni ni utani, nami nicheke. Kwenye kikao aongee mmoja mmoja. Na kipindi cha Ijumaa kinabadilishwa jina. Mimi si mzigo."

Kisha dada anayeshughulikia mitambo ya sauti akashusha pumzi.

"Mmoja mmoja? Afadhali! Vikao vyetu vilikuwa vinanipasua kichwa."

Wifi akamwalika fundi wa baiskeli wa pale sokoni. Fundi huyu ana usonji na haongei kwa mdomo. Huandika kwenye simu, na simu inamsomea kwa sauti. Kasuku alishika kichwa.

"Bosi, kuandika kutamchukua muda! Kimya redioni ni msiba! Watu watahamia redio nyingine!"

"Utawaambia wasikilizaji kwamba tunasubiri," wifi alijibu. "Usiweke muziki. Usimjibie."

Mwenye redio naye hakupenda. "Sawa, jaribu," alisema. "Lakini kipindi kikiharibika, nafasi hiyo huna."

Ijumaa ilipofika nilisimamisha cherehani. Mteja mmoja alikuwa amekuja kugombana nami juu ya mkono wa gauni. Nikamwambia, "Kaa kwanza, tutagombana baadaye." Akakaa.

Tukamsikia Kasuku. "Fundi, watu wanakosea wapi wakikutana na wewe?" Kisha akasema, "Wasikilizaji, fundi anaandika. Tunamsubiri."

Kimya.

Mume wangu akaipiga redio kofi. Mama mkwe akazungusha kitufe.

"Betri zimekwisha!" alisema.

"Acheni!" nikawapigia kelele. "Anaandika!"

Kweli, ukitega sikio ulisikia vidole vikigonga simu. Mteja wangu alibana pumzi. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa kwa mikono miwili. Nikawaza, Kasuku wee, usije ukafungua mdomo! Hakufungua. Mpaka leo sijui alijizuia vipi.

Ndipo sauti ya simu ikasoma.

"Wananimalizia maneno. Nikianza kufikiri, wao wameshajibu. Kisha wanasema sina la kusema."

Mama mkwe akakaa chini taratibu. Macho yakamjaa machozi.

Sauti ikaendelea. "Halafu, Kasuku, breki za baiskeli yako ni aibu. Ilete kesho. Huu si utani."

Studio nzima iliangua kicheko, na barazani kwetu pia. Simu zikaanza kupigwa. Mzazi mmoja aliuliza afanyeje na mtoto wake, na fundi akamjibu mwenyewe, polepole. Daktari naye alikuwepo, akajazia pale alipoombwa. Kisha akapiga mzee mmoja.

"Mi-mi-mimi nina kigugumizi," alisema. "Nimewasikiliza mi-miaka yote. Sijawahi kupiga simu. Mngenikata. Leo nimeona mnajua ku-kusubiri."

Kasuku alimsubiri. Mzee akasema yake yote mpaka mwisho.

Baada ya kipindi, mwenye redio aliingia studio. Alimkuta wifi anapanga viti.

"Mwezi bado," alisema, "lakini majaribio yamekwisha. Kazi ni yako."

"Nimekubaliwa na wafanyakazi wote?"

"Nimewauliza mmoja mmoja," mwenye redio akajibu. "Na Kasuku anaomba kila Ijumaa iwe hivi."

Jioni tulimpokea wifi mlangoni. Mume wangu alishavuta pumzi apige kelele, mama mkwe akamkanyaga mguu. Tangu mtoto huyu azaliwe, mama alikuwa akimjibia kila kitu: ameshiba, amechoka, hapendi. Sasa akamwuliza.

"Mwanangu, tukupongeze vipi?"

Wifi akafikiri. Mama akasubiri. Chai ikapoa mezani, na bado mama akasubiri, hakutia neno.

"Pigeni vigelegele," wifi akasema. "Ila nianze kuziba masikio."

Akaingiza vidole masikioni, akaitikia kwa kichwa. Mama mkwe akaachia! Nikapokea mimi, na mwalimu akajibu kutoka dirishani kwake. Mume wangu naye akajaribu, akatoa sauti ya ajabu tusiyoijua mpaka leo. Tulipoishiwa pumzi tukamtazama wifi, tukasubiri aseme.

"Bado," alisema. "Ongezeni."