Bulo za Nukta Tatu

Kabeya alivuta breki ya mbele, akasikia chuma kikilia ndani ya spoku. Walikuwa katikati ya mteremko wa mawe, kwenye njia ya panya inayokatiza pori upande wa Mutshatsha. Pikipiki ilisimama ghafla, wao hawakusimama. Yeye na mkewe Bilonda waliruka juu ya gidoni, usukani wa pikipiki, wakaporomoka na changarawe hadi korongoni.

Kabeya aliinuka, mdomo umejaa vumbi na damu. Bilonda hakuinuka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo.

"Maji," Bilonda alisema.

Bidoni la maji lilikuwa limepasuka, na ardhi ilikuwa inamalizia kunywa. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1984 na mvua ilikuwa bado inajivuta. Treni ya Dilolo haikutoka wiki ile, ndiyo maana wakachukua pikipiki kwenda Kasaji kumwona dada yake Bilonda, aliyejifungua mapacha. Sasa reli ilikuwa kusini, kilomita kama ishirini, na kati yao na reli hapakuwa na kijiji hata kimoja.

Alimfunga mguu kwa matawi mawili na kipande cha kitenge, kisha akaenda kutazama pikipiki.

Etriye, ile taya ya chuma inayobana disiki ya breki, ilikuwa imelalia ndani ya spoku. Hushikwa na bulo mbili, yaani bolti. Ya juu haikuwepo. Ya chini aliifungua kwa vidole vitupu, ikatoka kama jino la mtoto. Ilikuwa fupi, na kichwa chake hakikuwa na alama yoyote.

Kabeya alikuwa fundi wa mashine ya kuchongea vyuma mgodini. Bulo za etriye yake alizichonga mwenyewe, ndefu, na kila kichwa alikipiga nukta tatu. Jana tu, mbele ya nyumba yake huko Manika, mtaa wa Kolwezi, mtu mmoja alizifungua ili kubadilisha plaketi za breki. Mtu huyo alikuwa Ngeleka, baba yake Bilonda, naye alikuwa na pikipiki ya aina ileile.

Na Kabeya alijua la kufanya! Ukishabadilisha plaketi, zungusha gurudumu, tazama kama disiki inapita katikati, bana breki mpaka iwe ngumu, kisha tia ufunguo, yaani spana, kwenye kila bulo. Alikuwa akiwaimbia wenzake karakanani wimbo huo kila wiki. Lakini mkwe apige magoti mbele ya majirani kukagua kazi ya baba mkwe? Nyumbani kwao hiyo ni sawa na kumwita mwizi. Basi alishukuru kwa mikono miwili, akawasha pikipiki. Heshima si utumwa, husema watu. Siku ile ilikuwa upumbavu mtupu.

"Nini iliharibika?" Bilonda aliuliza.

Kabeya alitia bulo mfukoni. "Njia iko mubaya."

"Ni mbio yako! Tata alifunga muzuri. Weye ndiye hauna masikio."

Kabeya aliyameza maneno hayo, yakashuka kama kaa la moto.

Alimbeba mgongoni. Asubuhi aliliweka jua kushoto, jioni kulia. Hatua mia, kupumzika. Hatua mia tena. Kwenye bonde lililokauka alichimba kwa ganda la taa ya pikipiki mpaka tope likatoa maji, wakayachuja kwa kitenge. Walikula masuku, matunda ya pori, yaliyoanguka chini ya miti. Siku ya pili mguu ulivimba, ngozi ikang'aa, na homa ikaingia. Kila hatua Kabeya alitaja jina la Ngeleka kimoyomoyo. Alikuwa amebeba watu wawili, binti mgongoni na baba mtu rohoni, na huyo wa pili ndiye aliyekuwa mzito. Hasira ilimchosha kuliko jua.

"Uniache hapa," Bilonda alisema siku ya tatu. "Ende uite bantu."

"Siwezi kukuacha. Ukilala hapa hautaamuka."

Alikwenda kuchimba maji tena. Aliporudi alimkuta mkewe ameketi, koti la mumewe limefunuliwa magotini. Alikuwa akitafuta kibiriti, akapata bulo. Aliigeuza mkononi mara nyingi.

"Hii haina alama yako."

"Haina."

"Ulijua toka siku ya kwanza?"

Kabeya alimsogezea ganda la maji. Bilonda alilia bila sauti, na machozi yale hayakuwa ya mguu. Kisha akazungusha mikono shingoni mwa mumewe. "Tuende," alisema. Neno la mbio hakulitaja tena.

Mchana ule walifika relini. Kigari cha mafundi wa reli kiliwakuta wamelala kando ya mataruma. Fundi mmoja aitwaye Omer alimimina maji katika kofia yake ya chuma.

"Polepole, mama. Kunywa polepole."

Wiki mbili baadaye, hospitalini Kolwezi, Ngeleka alikuja kwa pikipiki yake, kuku amefungwa nyuma. Aliwasalimia watu wote uani, akatikisa kichwa. "Batoto ya leo, mbio tu!"

Bilonda alitoka kwa magongo, akaupita mkono wa baba yake. Aliketi vumbini karibu na gurudumu la mbele, mguu wa plasta umenyooka, akafuta etriye kwa ncha ya kitenge.

"Tata, kuya uhesabu hizi nukta."

"Niliazima tu," Ngeleka alisema chinichini. "Bulo sawa hizi haziko hata moja mu Kolwezi. Ningezirudisha mukirudi."

"Kabeya," Bilonda alisema, "leta ufunguo."

Kabeya alipiga magoti mbele ya baba mkwe, watu wote wakitazama. Alifungua bulo ya kwanza, akafungua ya pili, akaziweka kiganjani mwa mkewe. Bilonda alimwomba ile fupi, akamkabidhi baba yake.

"Ufunge hii, tata, urudi nayo Manika. Tutasikia kama ulifika."

Ngeleka aliitazama bulo, akaitazama etriye inayoning'inia. Akashika gidoni, akaanza kuisukuma pikipiki, akitembea kwa miguu, kuku akilia nyuma.