Tarakimu Sitini

Jengo la mafundi simu pale Eje Central, katikati ya Jiji la Meksiko, si mahali pa mtu kujivuta. Walio nyuma wanakusukuma, wenye vibanda wanakuita, na miziki ya aina tatu inakuingia masikioni kwa mpigo. Evaristo Quiroz alikwenda pale Jumamosi moja ya Machi kununua waya wa chaji. Kibandani akamkuta mwanamke aliyevaa koti la rangi ya zabibu na raba nyeupe, anabishana na fundi kwa heshima zote. Fundi alitaka neno la siri la simu yake ili aijaribu akishabadilisha kioo. Mwanamke alisema kioo hujaribiwa bila neno la siri.

Sasa huyu Evaristo kazi yake ilikuwa kuwafundisha waandishi wa habari kufunga simu zao zisidukuliwe. Kusikia mtu baki akilinda neno lake la siri namna ile kulimfurahisha kuliko kusifiwa sura.

"Dada anasema kweli," akamwambia fundi.

"Dada ana mdomo wake," mwanamke akajibu bila kugeuka. Kisha akageuka, na Evaristo akasahau waya.

Kioo kilipokuwa kinabadilishwa walikwenda bustani ya Alameda kula mahindi ya kikombe yenye ndimu na pilipili. Mwanamke akamweleza kuwa yeye ni wakili na anaitwa Amparo Zaldívar. Evaristo akacheka mpaka punje zikamwingia puani, maana katika nchi ile amparo ndilo jina la ombi analopeleka mtu kwa hakimu ili akingwe na mkono wa serikali.

"Wakili anayeitwa Amparo ni kama mwokaji anayeitwa Mkate."

"Na wewe mwembamba kama ufagio, lakini mimi nitakuita Bonge."

Watu wa kule humwita mpenzi Bonge hata kama mbavu zake zinahesabika, na Evaristo alilijua hilo vizuri.

Walipobadilishana namba za simu, kwa wengine mambo yangeishia hapo. Evaristo hakuwa na desturi hiyo. Programu aliyoitumia ilifunga ujumbe usisomwe na mtu wa kati, na kila simu mbili zilipewa tarakimu sitini zao, zimepangwa tano tano. Zikilingana kwenye vioo vyote viwili, mko wawili tu. Zikibadilika siku moja, ama mwenzako amepata simu nyingine, ama kuna mtu amejipenyeza katikati. Kuzihakiki ni kusomeana uso kwa uso, na ndivyo walivyofanya, vichwa vimegusana, maua ya jakaranda yakiwadondokea mabegani.

Evaristo alisoma, Amparo akafuatisha kwa kidole. Kwenye fungu la nne akasoma saba palipokuwa na moja, ikabidi waanze upya. Mara ya pili akakosea fungu la sita. Mara ya tatu Amparo akainua macho.

"Unakosea makusudi."

"Mimi? Kazi yangu hii."

"Haya. Anza upya, Bonge."

Miaka miwili walipendana hivyo. Amparo alimpigia simu mchana kumuuliza kama amekula, kisha akamsimulia kesi nzima kabla hajajibiwa. Jumapili walipanda basi kwenda Puebla kwa mama yake Amparo, bibi mfupi aliyempakulia Evaristo mara tatu kwa sababu, alisema, jina la Bonge lazima lifanyiwe kazi. Kila Machi walirudi kwenye benchi lile kusomeana tarakimu sitini, na kila Machi Evaristo alikosea. Baadaye, alipoikumbuka miaka ile, kilichomuuma zaidi ni jinsi alivyokuwa na furaha bila kuiangalia.

Halafu ukaja mwaka wa hofu. Iligundulika kwamba simu za waandishi wengi zilipandikizwa programu ya kupeleleza, na aliyepandikiza hakupatikana. Mwanafunzi mmoja wa Evaristo alipokea ujumbe kwa jina la rafiki yake ukimwita kituo cha mabasi. Akaenda, akapokewa na wanaume asiowajua, akarudi na mkono uliovunjika. Tangu hapo Evaristo aliandika kanuni moja ubaoni katika kila darasa: tarakimu zikibadilika, usijibu, usipige, zima simu, nyamaza mpaka muonane uso kwa uso.

Alhamisi moja Amparo akiwa Puebla, kioo cha Evaristo kiliwaka. Kwanza ilikuja taarifa ya programu kwamba tarakimu zake na Amparo zimebadilika. Kisha ujumbe: Evaristo, mama amezidiwa. Njoo leo. Ukifika kituoni kuna mtu atakuchukua.

Aliusoma akiwa amesimama. Tarakimu si zile. Kituo cha mabasi, na mtu wa kumchukua. Na palipopaswa kuwa na Bonge pameandikwa Evaristo, jina ambalo Amparo hakuwa amemwita miaka miwili. Akaona waziwazi kwamba mpenzi wake amenyang'anywa simu na yeye anategwa. Aliizima simu, akatoa laini, akavifungia vyote kwenye droo, sawasawa na alivyofundisha. Akamtuma mwenzake wa kazini kumtafuta Amparo kimyakimya.

Siku ya nne mwenzake alirudi na habari. Simu ya Amparo ilitumbukia kwenye beseni la maji hospitalini, akanunua nyingine dukani hapohapo nje. Mtu wa kumpokea kituoni alikuwa binamu yake. Mama alizikwa Jumamosi.

Evaristo alipofika Puebla, shangazi yake Amparo alifungua mlango kiasi cha upana wa kiganja.

"Alikupigia mara kumi na moja," akasema, akaufunga.

Amparo alihamia Guadalajara. Alimwandikia mara moja tu: Mimi sikuwa mtego, Evaristo. Alijibu kwa barua ndefu ambayo haikujibiwa, na baada ya hapo hakuthubutu tena. Miaka sita ikapita. Kanuni aliendelea kuifundisha, kwa kuwa iliokoa watu, ila kila alipoiandika ubaoni chaki ilimwia nzito.

Mwaka wa sita bunge lilileta mswada wa kuwalazimisha wenye programu za ujumbe kuacha mlango wa nyuma wa kusomea ujumbe wa watu, ufunguo wake ukae serikalini. Evaristo aliitwa mbele ya kamati kama mtaalamu. Ukumbi ulijaa, na mstari wa mbele waliketi akina mama wanaotafuta watoto wao waliopotea, picha zimening'inia vifuani, kwa kuwa simu zao nazo zilifuatiliwa. Wakili wao alisimama kujitambulisha. Alivaa gauni la kijani kilichokolea, na mstari mpana wa mvi ulipita juu ya sikio lake. Alikuwa Amparo.

Mbunge mmoja, mzee mpole wa tai ya bluu, aliuliza swali ambalo wengi huliuliza. Kama mtu hana baya, akifunguliwa mlango wa nyuma anapoteza nini?

Evaristo alikuwa na majibu yaliyochapwa kurasa tisa. Akayageuza kifudifudi.

"Mheshimiwa, mimi nilimpoteza mtu," alisema. "Aliniita kwenye msiba wake nikadhani ni wapelelezi, kwa sababu mwaka ule walikuwa kila mahali. Hawakuhitaji kusoma hata ujumbe wetu mmoja. Ilitosha mimi kujua kwamba wanaweza. Kufuli halikunitenga naye. Kilichonitenga ni hofu ya mtu aliyeko mlangoni, na leo mnataka kumjengea mlango wake mwenyewe."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama mbunge, kwamba hata hivyo kosa lilikuwa lake, kwani angeweza kupanda basi.

Kura iliahirishwa. Nje jua la saa tisa lilikuwa kali, na jakaranda zilikuwa zimechanua kana kwamba hakuna kilichotokea. Evaristo alitembea mpaka Alameda bila kujiuliza anakwenda wapi, akaketi kwenye benchi lile. Mpiga kinanda cha kuzungushwa kwa mpini alikuwa anapiga wimbo wake ulioharibika nota. Baada ya muda koti la rangi ya zabibu, limepauka mabegani, likaketi kando yake.

"Bado unalo," Evaristo akasema.

"Linanitosha bado."

Evaristo akauliza jambo lililomkaa kooni miaka sita, kama mama alimuulizia.

"Aliuliza kama Bonge amekula," Amparo akajibu. "Nikamwambia uko njiani. Alikufa anakungoja, na mimi pia nilikuwa nakungoja."

Evaristo alilia pale mbele za watu. Hakusema kanuni, hakusema mwaka wa hofu. Alisema nisamehe, mara moja tu.

Amparo alimwacha amalize. Alitazama kinanda, akatazama maua chini, akafuta macho yake kwa mkono wa koti. Hatimaye akafungua mkoba.

"Leta simu yako."

Simu zote mbili zilikuwa mpya, na tarakimu hazikuwa zile za zamani hata moja. Evaristo alianza kusoma kwa sauti iliyokwaruza, polepole, akiogopa kukosea safari hii kuliko safari zote. Fungu la kwanza, la pili, la tatu. Kidole cha Amparo kilifuata. Kwenye fungu la nne kikasimama.

"Umekosea."

Evaristo akaangalia kioo chake, akaangalia cha mwenzake.

"Ni tisa, Amparo. Hata hapo kwako ni tisa."

"Umekosea," Amparo akasema, akasogea karibu mpaka vichwa vikagusana. "Anza upya, Bonge."

Akaanza upya.